Kati ya hati ya kimila na kelele za mtandaoni, ipi imewahi kuokoa ardhi? Tuongee Yaeda, Simanjiro na Loliondo

RonjoLaJuu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila ikiibuka habari ya wafugaji kuhamishwa Ngorongoro tunagawanyika hapo hapo, upande huu asasi zote za kutetea wafugaji ni vibaraka wanaokula dola za mabeberu, upande ule asasi zote ni malaika, uzi unaenda kurasa kumi na hamna hata mmoja aliyeuliza hawa watu kazi yao ya kila siku huwa ni nini hasa. Mi nimezunguka na timu za upimaji huko Manyara, nabeba GPS na kuchora ramani za vijiji, sio mwanaharakati na wala sijatumwa na mtu. Nina hoja moja tu na nitaisimamia: ardhi ya jamii iliyopona kaskazini mwa nchi hii, nyingi imepona KABLA ya mgogoro, kwa muhtasari wa kikao, ramani na masjala ya kijiji. Wanaoanza kujipanga siku bikoni (alama za mpaka) zinachimbiwa wanakuwa wameshachelewa.

Nianze na Bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Wahadzabe kule ni watu elfu moja na kidogo, wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, asali na ubuyu. Shida yao ya miaka yote ni kwamba mgeni akifika anaona pori tupu, haoni shamba, haoni boma, haoni bati, basi anajua ardhi haina mwenyewe. Wakulima wakawa wanashuka kutoka juu Mbulu, mifugo ya Wadatoga inaingia, na mwaka 2007 ikaja kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na familia ya kifalme ya Falme za Kiarabu ikitaka bonde liwe kitalu chao. Wahadzabe wakapinga, asasi zikapiga kelele mpaka nje ya nchi, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikajitoa. Hiyo ndo iliandikwa magazetini.

Ila kampuni kujitoa hakumpi mtu ardhi. Kesho inakuja nyingine. Kilichobadilisha mambo ni 2011, Wahadzabe walipopewa hati ya kimila (hati ya ardhi ya kijiji) ya KUNDI, zaidi ya hekta 20,000, sio ya mtu mmoja na shamba lake bali ya jamii nzima na namna yao ya kuishi. Asasi iliyosukuma hiyo kazi ni Ujamaa Community Resource Team, wengi wanaijua kama UCRT, ofisi yao Arusha. Na hawakutunga sheria mpya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ilikuwa inaruhusu muda wote huo hati itolewe kwa mtu, familia au kikundi, ni vile tu watu wote tulikuwa tunaitumia kwa shamba la mahindi la fulani bin fulani. Hao jamaa wakakaa wakaisoma, wakasema kumbe hata malisho na pori la kuwindia vinaweza kuwa na hati. Aliyekuja kujulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Edward Loure, Mmaasai wa Simanjiro ambaye familia yake ilitolewa Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa 1970, na mwaka 2016 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman kwa ardhi ya jamii zaidi ya ekari 200,000 iliyowekewa hati.

Karibuni, matusi hapana.

nyani_mzee

Ngoja nikae hapa mbele kabisa

Kigogo wa Pori

Mleta uzi umeandika vizuri lakini umeruka la msingi. Hizo asasi zinaishi kwa nani? Wafadhili. Mfadhili akisema leo wimbo ni kaboni (kulipwa kwa kutunza misitu na malisho yanayofyonza hewa ukaa), wanaimba kaboni, akisema jinsia wanaimba jinsia. Halafu hili suala la "watu wa asili", Tanzania sote ni wenyeji, Mgogo ni mwenyeji, Mmakonde ni mwenyeji, kwanini kuwe na kabila lina haki kuliko mengine? Ngorongoro 1959 ilikuwa na wakazi kama 8,000, ilipofika 2022 tunazungumzia zaidi ya laki moja na mifugo juu. Mnataka serikali ifanye nini, ikae iangalie kreta inakufa? Mnapenda sana kulaumu.

RonjoLaJuu

Kigogo hoja zako nazipokea, twende moja moja.

Pesa za wafadhili ni kweli, asasi nyingi zinategemea nje. Lakini hata hifadhi zetu zinapokea pesa za nje, mradi wa REGROW wa kule kusini ulikuwa mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 150, ukasimamishwa Aprili 2024 baada ya malalamiko ya wananchi wanaozunguka Ruaha, na mwisho wa mwaka ukafutwa kabisa. Kama pesa ya nje ni dhambi basi ni dhambi kwa wote. Swali la kuuliza ni nani ameshika kalamu kwenye kikao cha kijiji, afisa wa asasi au mwenyekiti na wananchi wake.

La "sote ni wenyeji", msimamo wa serikali ndio huo na unaeleweka kwa historia yetu. Ila mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuhusu tamko la haki za watu wa asili, Tanzania ilisema ndiyo wakati Kenya ilijizuia kupiga kura. Na kwa kazi ninayoizungumzia mimi hilo halina shida, maana hati ya kimila haikuulizi kabila. Inauliza wewe ni mwanakijiji au sio. Wahadzabe walipata kama wanakijiji wa Tanzania kwa sheria iliyopitishwa Dodoma.

Ngorongoro nitaijia, ile ni kesi tofauti na ndo maana wengi tunachanganya.

binti_handeni

Kigogo umesahau na sisi huku. Msomera, hapa Handeni wanapoletwa watu wa Ngorongoro, mnaiandika kama pori lilikuwa linasubiri watu. Hapa pana watu walikuwepo kabla, nao walilalamika mashamba yao yamegawiwa wageni. Nyumba ya vyumba vitatu kwenye ekari mbili na nusu, na shamba la ekari tano pembeni, mfugaji aliyezoea kuhama na ng'ombe mia anaambiwa ni maisha bora. Mi sina ugomvi na waliokuja, tunanunua nao sokoni, watoto wanasoma pamoja. Ila hakuna aliyekuja kutuuliza sisi wa Handeni.

Kigogo wa Pori

Dada wapo pia waliohama kwa hiari yao na wanasema hospitali na shule ziko karibu, hao mbona hamuwataji

binti_handeni

Wapo, sijakataa kaka. Na wapo waliorudi. Nimeongelea wa hapa.

MwanaWaSimanjiro

Naomba niingie kama mtu wa huko. Mvua zikinyesha nyumbu na pundamilia wanatoka Tarangire wanakuja kuzalia kwenye mbuga zetu huku Simanjiro kwa sababu ya majani yenye madini, kiangazi wanarudi mtoni. Sasa mkilima ile mbuga yote wanyama wanaenda kuzaa wapi? Sisi tumeishi nao, ng'ombe wanakula hapo hapo, hatuli nyama ya pori. Kijiji cha Terrat kiliingia makubaliano na kampuni za utalii, wanalipa kijiji kila mwaka, sisi hatulimi ile mbuga na hatuchomi mkaa, ng'ombe wanaendelea kula kama kawaida. Baadae ikafuata hati ya malisho. Kwahiyo mtu akisema wafugaji ni adui wa uhifadhi nashangaa, bila sisi Tarangire ingekuwa kisiwa zamani.

Na wazee wetu walikuwa na alalili toka zamani, malisho yanafungwa masika hakuna kuingiza ng'ombe, ni ya kiangazi na ya ndama. Ukiingiza unapigwa faini ya ng'ombe. Hati imekuja kuandika tu kitu kilichokuwepo.

nyani_mzee

Hapo kwenye faini ya ng'ombe pananifurahisha, mtaani kwetu mtu anatupa taka mtoni na faini hakuna 😂

Afisa Mstaafu

Nimefanya kazi idara ya ardhi ya halmashauri mpaka nikastaafu, naomba niongeze nyama maana vijana wengi hawajui njia ilivyo ndefu.

Kwanza kijiji lazima kiwe na mipaka iliyokubalika na vijiji jirani na kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji. Hapa peke yake pana vita, kuna mti wa mbuyu mmoja nimeamua ugomvi wake mpaka nikaota ndoto. Pili mpango wa matumizi bora ya ardhi, kwa Sheria Na. 6 ya 2007: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu, hapa njia ya mifugo kwenda majini. Unapita halmashauri ya kijiji, unapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, unapita wilayani, unasajiliwa. Tatu sheria ndogo za kijiji, bila hizo mpango ni picha ya ukutani. Nne masjala ya ardhi ya kijiji, yaani chumba chenye mlango, kabati na kufuli. Ndio hati inatolewa, inasainiwa na mwenyekiti, mtendaji na afisa ardhi wa wilaya, na nakala inabaki wilayani.

Sasa niwaambie ukweli. Halmashauri nyingi hazina pesa ya kufanya hayo kwa kila kijiji. Posho, mafuta, vifaa vya upimaji, siku za kukaa vijijini. Hizo asasi mnazozitukana ndizo zilikuwa zinatuwekea mafuta kwenye gari, sisi tunakwenda na muhuri, wao wanakwenda na chakula cha mkutano na mkalimani. Nimeziona nzuri na nimeziona za ovyo. Za ovyo zinakuja na mpango umeshaandikwa mjini, wananchi wanasaini mahudhurio ya posho na kesho yake hawajui wamepitisha nini. Utazijua kwa kitu kimoja, muulize mwanamke yeyote wa pale kijijini malisho yaliyohifadhiwa yanaishia wapi. Akikuonyesha kwa kidole, kazi ilifanyika.

MwanaWaSimanjiro

Mzee umepiga mule mule

Mama Yeyoo

Afisa Mstaafu ahsante kwa kutukumbuka wanawake, maana uzi ulikuwa umeshageuka wa wanaume na ng'ombe zao.

Kule kwetu kulikuwa na mikutano, mwanamke anakaa nyuma amefunika mtoto, akinyoosha mkono anaambiwa mume wako ameshaongea. Kilichobadilisha kwa kiasi fulani ni majukwaa ya wanawake. Pastoral Women's Council ilianzishwa 1997 na wanawake wa Kimaasai, makao yake huko Ngorongoro upande wa Loliondo, na mkurugenzi wake Maanda Ngoitiko nadhani wengi mmemsikia. Walianza na elimu ya watoto wa kike na vikundi vya kuweka akiba na mbuzi, watu wakaona ni mambo ya akina mama tu. Halafu mama akishakuwa na mbuzi zake na anajua kusoma anaanza kuuliza boma hili likifiwa na mume ni la nani, na kutoka hapo anaanza kuuliza na malisho ni ya nani. Sheria yenyewe inasema baraza la ardhi la kijiji wajumbe saba, watatu wawe wanawake. Vijiji vingi walikuwa wanaandika majina tu ya wake zao. Sasa hivi wanawake wanakaa na wanaamua.

Na mnaosema wanawake wanatumwa na asasi, 2010 baada ya maboma kuchomwa Loliondo mwaka uliotangulia, wanawake walirudisha kadi za CCM kwa wingi. Hiyo haikuwa hashtegi, wakati ule wengi simu za mtandao hawana. Walitembea kwa miguu.

Kigogo wa Pori

Sawa mama. Lakini turudi Loliondo hiyo hiyo, maana hapo ndipo hoja ya mleta uzi inakufa. Vijiji vya Loliondo vilikuwa vimesajiliwa, vina ramani, vina wanawake, vina asasi kila kona. Juni 2022 kilomita za mraba 1,500 zikawekewa bikoni, na mwaka huo huo likawa Pori la Akiba Pololeti. Hati zako zilisaidia nini?

nyani_mzee

Mleta uzi njoo ujibu hapa usijifiche

RonjoLaJuu

Sijajificha, nilikuwa barabarani mtandao hakuna.

Kigogo hapo umeuliza swali lenyewe. Tuangalie mfululizo. Machi 2013 waziri wa maliasili wa wakati ule, Kagasheki, alitangaza hizo hizo kilomita 1,500 zitengwe na wananchi wabaki na sehemu iliyobaki. Wananchi, madiwani na asasi wakasimama pamoja, na Septemba mwaka ule Waziri Mkuu Pinda alikwenda mwenyewe Loliondo akasema mpango basi. Kwahiyo ilishindikana mara moja. 2017 maboma yakachomwa tena, vijiji vinne, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, vikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Septemba 2022 vikashindwa daraja la kwanza. Na mlisoma walishindwa kwa nini? Mahakama ilisema hawakuthibitisha kwamba maboma yaliyochomwa yalikuwa ndani ya ardhi ya vijiji na sio ndani ya hifadhi ya Serengeti. Yaani kesi ya miaka mitano, watu wamepoteza maboma, imeangukia kwenye RAMANI. Nani alichora, mstari unapita wapi, boma lilikuwa upande gani. Novemba 2023 daraja la rufaa likasema ushahidi haukupimwa sawasawa, kesi irudi isikilizwe upya.

Sasa Loliondo mnaitumia kunipinga, mi naona inanibeba nusu. Nusu nyingine nakubaliana na wewe, kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinampa Rais mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa manufaa ya umma. Hati ya kimila haifuti hicho kifungu. Inachofanya ni kwamba kuna taarifa lazima itolewe, kuna mkutano wa kijiji, kuna fidia, na kila hatua ikirukwa una kitu cha kupeleka mahakamani. Bila hati unakwenda na mdomo.

Na Ngorongoro ya kreta sasa. Ile ina sheria yake na mamlaka yake tangu 1959, watu waliotolewa Serengeti waliambiwa wakakae huko na mifugo yao. Sheria ya vijiji kule inagongana kila siku na sheria ya mamlaka, ndo maana UCRT wangeweza kutoa hati Simanjiro kwa amani lakini sio Nainokanoka, ndani ya Ngorongoro. Agosti 2024 lilitoka tangazo la serikali kufuta vijiji na kata za tarafa ya Ngorongoro, watu wakajaa barabarani siku kadhaa, Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji, na Desemba mosi Rais akakutana na wazee wa Kimaasai Arusha akaahidi tume mbili. Haya niambieni, kilichowakera zaidi wale watu waliokaa barabarani ni nini? Kufutwa kwa kijiji. Wanajua kijiji kikifutwa hakuna halmashauri ya kijiji, hakuna mkutano mkuu, hakuna muhtasari, hakuna kura. Wameelewa hii mambo kuliko sisi wa mjini.

Kigogo wa Pori

Nusu nimekuelewa. Nusu ingine bado, kreta inahitaji kupumua.

RonjoLaJuu

Tukubaliane hapo hapo kwenye nusu.

Wa_Njoro

Niaje wadau, mimi ni jirani kutoka Nakuru. Hii uzi imenigusa kwa sababu sisi huku tuna Ogiek, watu wa asili wa msitu wa Mau, na story yao inaanzia msituni na kuishia hapo kwenu Arusha, kwa ile Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni. Ogiek Peoples' Development Program na wenzao wakapeleka kesi kwa Tume ya Afrika, Tume ikaipeleka mahakamani, na 26 Mei 2017 wakashinda. Mahakama ikasema wazi kwamba serikali haiwezi kutumia uhifadhi wa Mau kama sababu ya kuwafukuza, kwa sababu sio hao waliomaliza msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya milioni 157.85 na wapewe hati ya ardhi ya pamoja.

Sasa skieni hii. Novemba 2023, wakiwa na hukumu mbili mkononi, nyumba zao zikabomolewa tena Sasimwani, huko huko Mau. So mkiniuliza mimi, nyinyi mmeanza na hati, sisi tumeanza na mahakama, na bado tunatafuta ile hati. Afadhali yenu.

Na kitu kingine, si kila group ya uhifadhi ni ya jamii hata kama jina liko na neno jamii. Kule Isiolo, Januari 2025 korti iliamua kuna hifadhi za jamii ambazo ziliundwa kinyume cha katiba, watu hawakushirikishwa vizuri kwa ardhi yao wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii iko tangu 2016 lakini kusajili hiyo ardhi kunaenda polepole sana, na hiyo nafasi inajazwa na wenye pesa na rangers. Wafugaji wa huko wanauliza, nani alisaini?

MwanaWaSimanjiro

Hiyo ya "nani alisaini" ije na huku. Longido na Monduli sasa hivi kuna mikataba ya kaboni ya udongo, ya miaka mingi, kijiji kinasaini kwamba malisho yatazungushwa hivi na hivi. Wengine wamepokea pesa za mwanzo. Wengine hawajui wamekubali nini, mtu anauliza ukame ukija kama ule wa 2022 nikahama na ng'ombe nitakuwa nimevunja mkataba? Hakuna wa kumjibu kwa Kimaasai.

RonjoLaJuu

Mkuu hilo ni jipu kweli. Kaboni sio mbaya yenyewe, Yaeda Wahadzabe wanauza kaboni ya msitu wao na pesa inaenda kwenye matibabu, ada za watoto na kulipa walinzi wa msitu ambao ni vijana wa pale pale, na 2019 walipata tuzo ya Equator. Katavi huko vijiji vya wilaya ya Tanganyika vimejenga zahanati na madarasa kwa pesa za msitu. Tofauti ninayoiona mimi ni mpangilio wa mambo, Yaeda hati ilikuwepo na mkataba ukaja kwa mwenye ardhi anayejulikana. Ukileta mkataba wa kaboni mahali ambapo hata mpaka na jirani haujakubalika, umeleta ugomvi mpya wenye dola ndani.

Mtu wa Kivu

Bandugu jambo. Miye niko Bukavu, mutanisamehe Kiswahili yetu ya huku. Ile munasema ya Ngorongoro sisi tuko nayo mu Kahuzi-Biega. Parke ilitengenezwaka mu mwaka 1970 juu ya gorila, Batwa, batu ba kuishi mu pori, balifukuzwaka, hakuna ardhi balipewa, hakuna kitu. Mpaka leo Batwa banaishi pembeni ya mashamba ya batu, banalima kwa siku moja juu ya chakula ya siku moja. Mu 2018 bamoja balirudia mu pori na mambo ikakuwa mubaya sana, batu balikufa, maboma yalichomwa. Sasa Komisyo ya Afrika ya haki za batu ilitoa uamuzi, ikatangazwa mu 2024, inasema Kongo ilivunja haki za Batwa na baregeshewe ardhi yabo. Na tulipata sheria mu 2022 ya kulinda Batwa. Karatasi ni nzuri sana. Ila huku Kivu vita haiishi, nani atapima ardhi? Ndiyo maana nikisoma hapa munabishana mambo ya kabati na kufuli ya masjala ninaona muko na bahati.

Mama Yeyoo

Pole sana ndugu yangu. Wanawake wa Batwa wana vyama vyao?

Mtu wa Kivu

Biko mama, bidogo bidogo. Banafuga nguruwe na kulima kwa pamoja, bamoja banakodi shamba. Ile ya kukaa mu mkutano na chef na kusema hapana, bado.

nyani_mzee

Leo sina utani, nasoma tu

Afisa Mstaafu

Naomba nirudi kwenye jambo moja kabla halijasahaulika, maana vijana mtafikiri hati ni ya kumfungia jirani. Kiteto mwaka 2014 wakulima na wafugaji waliuana kwa ajili ya hifadhi ya jamii ya Emboley Murtangos, wote tunakumbuka. Wilaya hiyo hiyo kuna vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa ambavyo viliunganisha malisho yao yakawa ya pamoja, wanayaita OLENGAPA, kila kijiji kina mpango wake lakini ng'ombe wanapita mpaka bila kesi, na hati ya malisho imetolewa kwa kundi. Sababu ni kwamba mvua haijui mpaka wa kijiji. Ukimpa kila kijiji kipande chake na kukifunga, kiangazi kikija ng'ombe watavuka tu, ila safari hii watavuka usiku na mikuki. Kwa hiyo asasi inayokuja kupima kijiji kimoja kimoja bila kuita jirani, mimi naiogopa.

Mkulima wa Mvomero

Wakuu nimefuatilia toka jana. Mimi ni mkulima sio mfugaji, kijiji chetu kina wafugaji kiasi na tuna msitu mdogo wa chanzo cha maji ambao watu wameanza kuumega. Tunagombana na kijiji jirani mpaka, kila uchaguzi wanasiasa wanatuahidi wataleta wapimaji. Asasi kubwa haziji huku, zote ziko kaskazini kwenye simba na tembo. Je tunaweza kuanza wenyewe bila mfadhili?

RonjoLaJuu

Mkuu hilo la asasi kufuata simba ni kweli na linauma, kwenye wanyama wakubwa ndipo pesa ilipo.

Mnaweza kuanza. Kupima kwa vifaa na kusajili kutahitaji halmashauri na pesa, lakini sehemu ngumu haihitaji pesa. Ingizeni ajenda ya msitu na mpaka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, sio kikao cha wachache, muhtasari uandikwe na majina na sahihi, wanawake wahudhurie na waandikwe. Chagueni kamati. Pitisheni sheria ndogo ya msitu hata kabla ya ramani ya kitaalamu. Muhtasari mmoja ubaki kwa mtendaji, nakala iende kata, nakala ipelekwe kwa afisa ardhi wilayani na igongwe muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri wa kupokelewa msiudharau.

Afisa Mstaafu

Na msiende kwa afisa ardhi na malalamiko. Nendeni na mpaka mliokwisha kubaliana na jirani, hata kama ni wa kilomita mbili tu. Ofisini faili la ugomvi linawekwa chini, faili la makubaliano linasainiwa siku hiyo hiyo maana ni sifa kwa mkubwa.

Mkulima wa Mvomero

Jirani ndio shida yenyewe mzee. Mwenyekiti wao hataki hata kutusikia, anasema msitu wote wao. Nianzie wapi?

Afisa Mstaafu

Mwache mwenyekiti. Tafuta wazee wa pande zote mbili waliokuwepo enzi za vijiji vya ujamaa, 1974 mpaka 1976 hapo, wale waliohamishwa wanajua nani alikuwa analima wapi na mti gani uliachwa kama alama. Watembee wenyewe huo mpaka, vijana wawili wawafuate na daftari. Mwenyekiti ataitwa mwisho, na babake mzazi akiwa mmoja wa hao wazee itakuwa vizuri zaidi.

Mkulima wa Mvomero

Babake yupo hai na ni rafiki wa mzee wangu. Jumamosi naenda.